Matete Ndani ya Ukuta

9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau umeshiba. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana, anasema ujitunze. Lile jino lililokuwa likimsumbua limeng'olewa, na sasa anayashuku yaliyobaki kwamba yatafuata mkumbo. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa jirani amezaa tena, na kama kawaida yake amezalia kwetu, ndani ya kapu la nguo nilizokwisha kupiga pasi.

Uliponikataza nisije kukutembelea gerezani ulisema nikuandikie. Mwaka jana nilituma kadi mbili nikajiona nimemaliza kazi. Ukweli ni kwamba kila nikikaa kuandika naona sina la kukuambia ambalo halitakutia uchungu. Habari za nje kwa aliye ndani si zawadi. Kwa hiyo nimeamua nikuandikie habari za kazini kwangu, kwa sababu hizo hazimtamanishi mtu yeyote.

Mama huwaambia watu, "Binti yangu anasomea maji," nao wanadhani ni maji ya kunywa. Hawasahihishi. Mimi nasomea maji yakishapita kwa watu. Nyuma ya maabara ya chuo, karibu na uzio, nina mapipa sita ya plastiki yanayonifika kifuani. Nimeyajaza kifusi cha nyumba zilizobomolewa: matofali, zege, vigae, vitu ambavyo wenye nyumba hulipa lori likavitupe. Juu nimepanda matete. Kila asubuhi mimi na mwenzangu, tunayemwita Kipimo kwa sababu hata chai yake huipima joto kabla ya kuinywa, tunayamwagia mapipa majitaka ya mabweni ya wanafunzi. Maji yanashuka polepole kati ya vipande vya kifusi, chini tunafungua bomba, na yakitoka vizuri huwezi kudhania yalikuwa majitaka.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi ndiyo kazi yetu kuyazoa.

Dada yako

3 Machi

Dada,

Mimi mzima, na nimeshiba kwa kadiri ya mahali penyewe. Pole kwa jino la Mama na kapu la nguo.

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa, imesomwa na kupigwa muhuri. Afisa anayesoma barua zetu tunamwita Miwani, na si kwa siri, anajua. Aliniita ofisini akaniuliza, "Hii ni barua au ni mafumbo?" Alidhani mapipa sita na uzio ni mpango wa kutoroka. Nikamwambia, "Afande, dada yangu ndivyo alivyo tangu utotoni, wenzake wakicheza na wanasesere yeye alikuwa akiziba mtaro aone maji yatapita wapi." Akaisoma tena mbele yangu, taratibu, akauliza uchafu wenyewe unakwenda wapi, maana maji hayawezi kuuacha tu njiani kama mtu aliyesahau mzigo. Sikujua. Anataka ujibu.

Bwenini kwetu barua husomwa kwa sauti, kwa ajili ya wale wasioandikiwa na mtu. Sasa naitwa Bwana Majitaka. Mwashi, anayelala mkeka wa pili kutoka kwangu, amesema akitoka atakuja kukuposa, kwa kuwa mwanamke asiyeogopa harufu hataogopa ndugu wa mume. Nimemwambia foleni ni ndefu. Sijui kama nimesema kweli.

Bado nina mwaka na nusu. Nafanya kazi bustanini. Mvua zinakaribia, na sisi huku hatuna hamu nazo. Hilo tuliache.

Naomba kitu kimoja. Mwambie Mama aseme neno lolote, nawe uliandike kama lilivyotoka. Kadi zako mbili na barua hii zote zina "anakusalimu sana, anasema ujitunze". Mama ninayemjua mimi hajawahi kumwambia mtu ajitunze. Angesema, "Nimesikia umekonda, ni nani aliyekuruhusu?"

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mama alikuwa amelala nilipoketi kuandika, sikutaka kumwamsha. Mwambie Mwashi kwamba foleni haipo, ila mahari itakuwa lori zima la matofali.

Mjibu Miwani hivi. Uchafu haupotei, unaliwa. Kwenye kila kipande cha kifusi huota utando mwembamba wenye utelezi, kama ule unaoushika ukipitisha kidole ndani ya mtungi wa siku nyingi. Ule utando ni vijidudu, maelfu kwa maelfu. Hakuna aliyewaleta, huja na majitaka yenyewe. Wanachotaka ni pa kukaa, chakula na hewa kidogo. Kifusi ni nyumba yao, majitaka ni mlo wao, na mizizi ya matete ndiyo inayowashushia hewa. Wakishakula wakashiba, maji yanatoka mepesi. Hayafai kunywewa, hilo asije akalikosea, lakini mti hautayakataa.

Faida yake ni kwamba hakuna mashine, hakuna umeme, na kifusi ni cha bure. Wenye miji midogo na shule za bweni hawana uwezo wa mitambo mikubwa. Kila mmoja wao ana rundo la kifusi nyuma ya nyumba.

Nitakuambia na lingine ambalo sijamwambia mtu isipokuwa Profesa anayetusimamia; Kipimo anajionea mwenyewe. Matete yangu yanageuka manjano. Mapipa matano kati ya sita. Kila wiki natoa maelezo mapya, na kila wiki matete yananikanusha.

Hizo mvua ulizosema tuziache, mimi sijaziacha. Kuna nini?

Dada yako

17 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa mgonjwa. Sasa natembea, nakula, na Mwashi ameacha kuniita kwa jina la marehemu wake mmoja niliyeanza kufanana naye.

Uliuliza kuna nini. Tangi la choo la hapa lilijengwa kwa ajili ya watu wachache, na sisi tumekuwa wengi. Mvua zikishika linafurika. Maji yanapanda kwenye ua, yanapita mlangoni kwa bweni letu, mengine yanatoka chini ya ukuta kuelekea kwa raia walioko bondeni. Safari hii yalikaa wiki nzima. Bweni zima tuliugua tumbo. Mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita Mhasibu alibebwa kwenda hospitali na mkeka wake umekunjwa. Hayo mengine sitayaandika, maana Miwani naye ana kazi yake ya kulinda.

Ila hili ameniruhusu niliandike, na kusema kweli yeye ndiye aliyeniambia niliandike. Maji yalipopungua aliniita. Mezani alikuwa na barua yako ya Machi, hakuwa amenipa bado. Alikuwa ameinakili kwa mkono wake kwenye karatasi nyingine.

"Huyu dada yako," akasema, "hayo mapipa ni mambo ya kweli, au ni ya vitabuni?"

"Ni ya kweli, afande."

"Kuna mahali yamefanya kazi?"

"Sijui. Anasema ndiyo kwanza wanajaribu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nyuma ya jiko kuna kifusi cha ukuta wa zamani," akasema. "Kiko pale tangu nilipoajiriwa."

Basi ameipeleka ile nakala kwa Mkuu wa gereza, na Mkuu amekiandikia chuo chenu kuomba msaada. Miwani anasema hawakutaja undugu wetu, wametaja kazi tu, ili isije ikaonekana upendeleo. Barua itakuwa imefika.

Nilikuambia usije. Hilo nilikuwa nalisema kwa dada anayekuja kunitazama nikiwa nimevaa nguo hizi. Anayekuja kutazama tangi ni mwingine. Njoo.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Tumepokea habari za ugonjwa wako kwa masikitiko, na tunashukuru kwamba umepata nafuu. Pole sana, na poleni nyote. Mzee Mhasibu nimemwombea. Mama anakusalimu. Huku mvua zimekatika na joto limerudi. Paka amewahamishia watoto wake juu ya kabati, mmoja ana macho ya rangi mbili. Jirani wa mkono wa kushoto amepaka nyumba rangi ya njano, na jirani wa mkono wa kulia amenuna kwa sababu ndiyo rangi aliyokuwa ameichagua yeye. Mimi ni mzima ingawa shughuli ni nyingi, kuna mitihani ya kusahihisha na ripoti ya mwaka.

Barua ya Mkuu wenu imefika na chuo kimekubali. Kipimo ndiye atakayekuja. Ni hodari, na vifaa vyote anavijua. Mimi nitabaki na mapipa.

Kunywa maji mengi, yaliyochemshwa.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Salamu.

Kipimo alikuja. Ni mtu mwema. Alipima tangi, akapima ua, akapima na kivuli cha ukuta. Alituchorea kitalu, urefu wa bweni letu na upana wa nusu yake, kina cha kiunoni. Alisema kifusi kile kitafaa. Tumeanza kuchimba. Mwashi ndiye msimamizi, mimi nipo kwenye koleo.

Wakati wa kupumzika nilikaa karibu naye. Nikamwambia nimesikia chuoni kwao kuna mtafiti wa kike mwenye mapipa. Akasema ndiyo, tena anajua kazi. Nikamwuliza kama mtafiti huyo ana ndugu. Akacheka. Akasema, "Yule ni mtoto wa pekee. Ana mama yake tu."

Nilirudi kwenye koleo.

Msalimie mama yako.

20 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Leo sina habari za paka.

Ni kweli. Niliajiriwa wiki ileile uliyohukumiwa. Tulikuwa tunakunywa chai, mtu akaniuliza tumezaliwa wangapi kwetu, nikasema niko peke yangu. Nilidhani nimejipa siku moja ya kupumua. Lakini neno hilo likishatoka linataka kulishwa. Mwezi wa pili nililirudia, mwezi wa tatu nikalizoea. Uliponikataza nisije kukutembelea, nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru, sikuwa na haja ya kuomba ruhusa ya kusafiri wala kusema nakwenda wapi. Na barua ya Mkuu ilipofika isiyotaja undugu, nikajificha nyuma yake.

Wanasema mficha uchi hazai. Jumatatu nilikwenda kwa Profesa nikamweleza yote: gereza lile mdogo wangu yumo, na ndiye aliyewasomea habari za mapipa yetu hadi wakaandika. Nilijiandaa kwa kila jibu. Akasema, "Kumbe miaka yote hii tunahangaika kutafuta watu wa kutulindia vipimo, na wewe una mtu ndani." Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Kipimo aliumia kuliko wote. Hakunisemesha hadi jioni, na aliponisemesha alisema, "Nilicheka mbele yake."

Kuna na la pili. Mama hajawahi kukusalimu. Yale maneno ni yangu, na uliyatambua mapema. Tangu siku ya mazishi ya jirani yetu mshonaji hataji jina lako. Kila Jumamosi anakwenda kwa mume wa marehemu, anamfagilia, anamfulia, anarudi anakaa na viatu miguuni. Nikiisoma barua yako kwa sauti huinuka akaenda jikoni. Nilidhani nikikwambia utavunjika. Sasa naona nilikuwa najilinda mwenyewe nisiwe mleta habari.

Sina la kukuomba. Ukitaka kuandika, andika. Usipotaka, nitaandika mimi.

Dada yako

30 Agosti

Kwa Mtafiti,

Mimi ndiye ninayesoma barua zenu. Si kawaida yangu kuandika, lakini naona hakuna namna.

Kitalu kilikamilika. Tuliweka kifusi, tukapanda matete kutoka bondeni, tukafungulia maji ya tangi. Sasa matete yanakauka, majani yana rangi ya karatasi ya zamani. Maji yanayotoka yanateleza mkononi kama ya sabuni. Mkuu amesema tukifika mwisho wa Septemba bila mabadiliko tufukie, kwa sababu mvua za pili hazitatungoja.

Mdogo wako alikuwa na nafasi ya kukuandikia mwezi huu. Nilimpa karatasi. Ameirudisha tupu. Nimemwuliza kama nikuandikie mimi, akasema, "Afande, fanya upendavyo." Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Afisa wa barua

5 Septemba

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi wazima. Nakuandikia haraka, posta inafungwa.

Msifukie. Kosa si lenu wala si la matete. Lile pipa langu la sita lililobaki kijani lilikuwa na matofali matupu. Yale matano yalikuwa na zege na vipande vyenye saruji na chokaa. Mwezi uliopita ndipo nilipolithibitisha. Saruji ya kifusi inayeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa makali, ndiyo maana yanateleza. Mizizi haiwezi kuvumilia, na wale vijidudu nao hawakai. Kipimo alipokuja kwenu mwezi wa Juni hatukuwa tunalijua hilo, na nilipolijua, hofu ya kukuandikia ilinishinda. Ningekuandikia siku ileile, leo msingekuwa na kitalu kilichokauka.

Fanyeni hivi. Toeni kifusi chote. Zege tupeni pembeni, litafaa kujazia njia. Matofali yagongeni mpaka saruji ibanduke, kisha yaosheni, yakae kwenye maji, mmwage, mrudie, mpaka maji yasiteleze tena. Ndipo mrudishe. Matete yaliyo hai kwenye shina msiyatupe, yakateni majani, na kila sehemu ya kitalu mkishaijaza myapande tena.

Nakuja na Kipimo na Profesa wiki ya mwisho ya mwezi. Nakuja kutazama tangi. Na nakuja kukutazama wewe, na hizo nguo, na kila kitu. Ukikataa kuniona nitabaki uani nikihesabu matofali.

Dada yako

14 Oktoba

Dada,

Natumaini mlifika salama na kwamba Profesa amepata viatu vingine.

Najua ulikuwapo, lakini wenzangu wamenidai niiandike ile siku, nami nitakusomea wewe kama ninavyowasomea wao.

Tulikuwa tumeketi uani tumezungukwa na matofali. Tangu barua yako ifike hatukufanya kingine. Watu waliokuwa hawasalimiani waligonga tofali moja kwa zamu. Kuna mmoja, zamani mpiga ngoma, alitupatia mdundo na tukaufuata, hadi askari wa mnara akawa anautikisia kichwa. Kisha geti likafunguliwa, ukaingia na buti kubwa kuliko miguu yako. Umekuwa mwembamba. Nikainama nikagonga tofali ambalo tayari lilikuwa safi.

Mkuu akawa anawatambulisha: huyu Mwashi, huyu wa bustani, huyu wa koleo. Aliponifikia mimi ukamkata. Mtu hamkati Mkuu. Ukasema, "Huyu namjua. Huyu ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja." Mkuu akamtazama Miwani, na Miwani akatazama mbinguni. Kisha Kipimo akaja akanipa mkono, akaushika sana, akasema, "Nisamehe kwa kile kicheko." Nikamwambia hata mimi ningecheka, kama ningekuwa sijui.

Uliposhuka kitaluni ukapiga magoti kufukua mzizi, Mwashi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amefuta posa. Anasema mwanamke wa namna hiyo atamtuma kazi mpaka kaburini.

Kuhusu yale tuliyoongea kwenye benchi, sina la kuongeza ila hili moja. Mama ana haki. Nilikuwa nimekunywa, nikashika usukani, na mama mshonaji hayupo. Sitaki umwombe anisamehe. Ukitaka kumwambia kitu, mwambie najua anapokwenda Jumamosi, na kwamba najua ni mimi niliyepaswa kuwa nafagia pale.

Sasa habari yenyewe. Mvua zimeanza. Tulilala tukisikiliza kama watu wanaosubiri mgeni asiyetakiwa. Asubuhi ua ulikuwa na tope, tope la kawaida la mvua. Tangi limejaa, ndiyo, lakini linamimina kitaluni, na kitalu kinapokea. Matete yametoa machipukizi, ya kijani kibichi kabisa. Miwani alikinga maji ya bomba la mwisho kwenye chupa, akaishikilia juu kwenye mwanga, akaiweka mezani kwake kati ya muhuri na wino. Sampuli yenu Kipimo ataikuta, nimeifunga vizuri. Maji ya kitalu tunanyweshea miche ya miti, na yanayozidi yanapita chini ya ukuta.

Hapo ndipo ninapotaka msaada. Sisi tunakijua kitalu mpaka ukutani. Upande wa pili hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Bomba linaingia ukutani na kutupotea. Miwani anasema kuna mtaro, na kwamba watu wa kule walikuwa wakiandika malalamiko kila mwaka. Nenda ukatazame, kisha uniandikie ni vipi.

Mdogo wako

23 Novemba

Mdogo wangu,

Huku wote wazima. Kipimo anakusalimu, hiyo ni salamu ya kweli, nilikuwapo alipoisema. Matokeo ya sampuli yako yamekuja. Profesa ameyatazama mara mbili na kuuliza ni nani aliyeichukua, maana ilikuwa imefungwa kuliko za kwetu. Kuna shule mbili za bweni zimeomba kuja kukiona kitalu chenu. Mkuu wenu amewajibu kwamba lazima waandike kwanza kwa Afisa wa barua.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama kawaida. Mama aliinuka akaenda jikoni, kama kawaida. Sikuacha kusoma. Nilipofika pale pa Jumamosi, vyombo vilinyamaza. Niliendelea mpaka mwisho. Baadaye akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akauliza, "Huo mtaro uko wapi?"

Tulikwenda jana. Safari ni ya saa nyingi na goti lake unalijua, lakini hakulalamika, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Geti la gereza hakutaka kulikaribia. Tulizunguka kwa nje, tukafuata ukuta hadi bondeni.

Basi nikueleze. Bomba lenu linatokea chini ya ukuta, mahali palipowekwa jiwe bapa. Maji yanatoka kidogo kidogo, hayana rangi, yanapiga lile jiwe na kuingia mtaroni. Kando ya mtaro bado kuna mbao ambazo watu walizitandika zamani wapate kuvuka. Zimekauka, mtu ameanikia nguo juu yake. Nyumba zina madirisha yanayotazama ukuta, na yote yalikuwa wazi. Majani yameanza kuota kingoni. Chini kidogo kuna seremala ametoa meza yake ya kazi nje, karibu kabisa na maji, na maranda yake yamesambaa mpaka kwenye ukingo.

Mama alisimama akitazama lile bomba. Alitazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

Seremala alituona wageni, akatusalimu. Akamwambia Mama, "Shikamoo. Mnatoka mjini? Labda ninyi mnajua. Hivi wale wafungwa wamehamishwa? Maana harufu imekwisha. Sisi huku tunaambiana labda gereza limefungwa."

Nilifungua kinywa kujibu. Mama akaniwahi.

"Hawajahamishwa," akasema. "Mwanangu yumo."

Seremala akamtazama, akatazama na ukuta. Akapangusa kwa mkono kiti alichokuwa amekimaliza kukipiga randa, akamsogezea. Mama akakaa. Akamweleza yule mtu asiyemjua kwamba una miaka mingapi, kwamba ulikuwa dereva, kwamba uliua mtu na mtu huyo alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na kwamba wewe ndiye uliyeshika koleo la hayo maji. Alivisema vyote kwa sauti moja, bila kupandisha wala kushusha. Hilo jina lako ambalo sikulisikia nyumbani kwetu tangu mazishi, alilitaja mara tatu.

Ndani hakuingia, sitaki nikudanganye. Lakini tulipokuwa tunarudi aliniuliza siku ya wageni ni ipi. Nikamwambia. Akasema ataangalia kama atapata nafasi, na kwamba nisikwambie.

Ndiyo hivyo nimekwambia. Nyoa ndevu.

Dada yako